Kompyuta ya mezani, laptopu ya ex-UK au PS4: elfu hamsini yako iende wapi Nairobi?

Mtu mwenye shilingi kama elfu hamsini mkononi, anayependa kompyuta, gemu na sayansi kwa pamoja, akishuka mjini leo atapewa mashauri matatu. Wa kwanza atamwambia achukue laptopu ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, maana ataibeba hadi chuoni. Wa pili atamwambia aachane na mambo ya ofisi, anunue PS4 iliyotumika na padi mbili, chenji ibaki ya CD za gemu. Wa tatu, na huyu huwa hasikiki sana, atamwelekeza kwenye kompyuta ya mezani iliyotolewa ofisini Ulaya, kisha aichomeke kadi ndogo ya grafiki. Mimi niko upande wa huyo wa tatu na nitaeleza sababu. Lakini wapo watu ambao ningewakataza kabisa kunifuata, nao nitawataja.

PS5 mpya sikuiweka kwenye mizani kwa kuwa inavuka bajeti hii. Nitaigusa panapobidi tu.

Habari tatu zilizobadilisha hesabu

Habari nyingi za kompyuta tunazosoma hazina kazi kwetu wakati wa kununua. Januari 2025 NVIDIA ilitoa RTX 5090 kwa dola 1,999. Hiyo ni zaidi ya robo milioni ya shilingi kabla ya ushuru na usafiri, tena ni kadi peke yake. Nilifurahia kusoma kila kitu juu yake, ila hainisaidii kumshauri mtu aliyesimama Luthuli Avenue na pesa zake kwenye M-Pesa. Zilizosaidia ni habari nyingine tatu, na hazikupigiwa kelele hata nusu ya hiyo.

Ya kwanza, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kwa sababu hiyo, kompyuta mbili zinazofanana kwa nje, kutoka kampuni moja, moja ikiwa ya kizazi cha saba na nyingine ya nane, ni bidhaa mbili tofauti kabisa. Na si suala la Windows pekee. Kizazi cha nane ndipo Intel ilipoongeza viini vya prosesa, yaani sehemu zake zinazopiga hesabu kwa pamoja, kwa kishindo: i5-7200U ya laptopu ilikuwa na viini viwili, i5-8250U iliyofuata mwaka 2017 ina vinne. Kwenye mezani, i5-7500 ina vinne, i5-8500 ina sita. Ukiongeza elfu chache kutoka kizazi cha saba kwenda cha nane, unanunua miaka ya masasisho na nguvu pia. Sioni mahali pengine kwenye soko hili ambapo elfu chache zinafanya kazi kubwa hivyo.

Ya pili inahusu kadi za grafiki. Oktoba 2025 NVIDIA ilifunga ukurasa wa draiva za gemu, yaani programu zinazoiendesha kadi, kwa kadi za mfululizo wa GTX 900 na GTX 1000. Kilichobaki kwao ni marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. GTX 1050 Ti, kadi ambayo miaka mingi ilikuwa jibu la kila mtu mwenye bajeti ndogo, iko ndani ya kundi hilo. GTX 1650 ya mwaka 2019 haimo. Bado inapata draiva mpya. Muuzaji akikwambia hizi mbili "ni karibu sawa", kwa kasi amekosea, na kwa miaka iliyobaki amekosea zaidi.

Ya tatu ni RAM, kumbukumbu ya muda ambayo mashine huifanyia kazi. Samsung, SK Hynix na Micron ndio wanaotengeneza sehemu kubwa ya RAM ya dunia, na wote watatu wameelekeza viwanda vyao kwenye kumbukumbu za vituo vya data vya akili unde, kwa sababu huko ndiko pesa iliko. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake iliyouzia watu wa kawaida RAM na SSD (diski za kasi) kwa miaka mingi. Bei zimepanda kila mahali, na Nairobi si kisiwa. Zamani ningekwambia nunua mashine ya 8GB uongeze baadaye. Sasa nasema tafuta iliyo na 16GB tayari ndani, vipande viwili vya 8GB, hata kama bei ya mashine ni juu kidogo.

Kwa nini PS4 ya 2013 inaishinda laptopu ya 2018

Hili huwashangaza watu, na ni vizuri kulielewa kwa undani kwa sababu ndilo linaloamua mambo mengine yote.

Chukua laptopu yenye i5-8250U uiweke kando ya PS4 ya kwanza. Laptopu ni changa kwa miaka minne hivi, na prosesa yake inaiacha mbali ile ya PS4, ambayo ni viini vinane vya AMD Jaguar vya 1.6GHz, aina iliyokusudiwa laptopu ndogo za bei nafuu na tableti. Fungua tabo ishirini za kivinjari au jedwali kubwa la Excel, na laptopu inakimbia. Fungua gemu ya mpira, na PS4 inacheza laini huku laptopu ikikatakata hata ukishusha ubora wa picha hadi chini kabisa.

Sehemu ya kwanza ya jibu ni idadi ya hesabu. Grafiki ya ndani ya laptopu hiyo, UHD 620, inafanya hesabu kama trilioni 0.4 kwa sekunde. PS4 inafanya trilioni 1.84. Sehemu ya pili, ambayo wauzaji hawaitaji kamwe, ni kasi ya kumbukumbu. Grafiki inakula data: rangi za nyasi, nyuso za wachezaji, vivuli vya uwanja, vyote vinasomwa upya mara nyingi kila sekunde. PS4 ina 8GB ya GDDR5, kumbukumbu ya aina ya kadi za grafiki, inayopitisha gigabaiti 176 kwa sekunde. Laptopu yenye kipande kimoja cha DDR4 ya 2400, RAM ya kawaida ya kompyuta, inapitisha 19.2 tu, na hiyo inagawanywa kati ya prosesa na grafiki. Ni kibanda chenye wapishi kumi wa chapati na mtu mmoja anayewaletea unga kwa kikombe.

Kutokana na hapo utaelewa ushauri wa vipande viwili vya RAM. Ukiweka 8GB mbili badala ya 16GB moja, njia zinakuwa mbili na kasi inapanda hadi gigabaiti 38.4. Kiasi cha RAM ni kilekile, lakini gemu zinapata nafuu inayoonekana kwa macho. Ni mabadiliko ya bei nafuu kuliko yote kwa mwenye laptopu isiyo na kadi yake ya grafiki.

Sasa ilete mashine ya mezani. i5-8500 yenye viini sita inaipita prosesa ya PS4 na ya laptopu zote mbili. GTX 1650 inafanya karibu hesabu trilioni 3 kwa sekunde, na ina 4GB zake yenyewe zinazopitisha gigabaiti 128, bila kumwomba mtu. Hivyo hii ndiyo pekee kati ya tatu ambayo haina upande dhaifu. Kwa gemu nyingi utacheza kwenye skrini ya kawaida ya 1080p kwa raha. Zile nzito za miaka ya karibuni utazishusha ubora, na 4GB zitaanza kubana. Sitakuficha hilo.

Mezani: uzuri na usumbufu wake

Mashine ninazozungumzia ni kama Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4, zile nyembamba zinazolala kwenye meza ya mhasibu. Zimetengenezwa imara, zinafunguka kwa mkono bila bisibisi, na vipuri vyake vimejaa mjini. Lakini zina masharti ambayo ni afadhali uyajue kabla ya kulipa.

Pawa saplai ya OptiPlex nyembamba ni ya wati 200, na ni ya umbo la Dell wenyewe, kwa hiyo huwezi kununua nyingine yoyote dukani ukaingiza. Haina waya wa ziada wa kulisha kadi ya grafiki. Kadi lazima iishi kwa umeme wa nafasi inapochomekwa, yaani wati 75 zisizozidi. GTX 1650 zipo za namna hiyo, ila si zote. Baadhi zina tundu la umeme juu, na hizo hazikufai. Pili, kasha ni jembamba, kwa hiyo unahitaji kadi fupi ya kimo cha chini, pamoja na bati lake fupi la nyuma. Ukikosa 1650 fupi, ulizia NVIDIA T1000, ambayo ilitengenezewa kompyuta za wahandisi. Ina viini 896, idadi ileile ya 1650, inatumia wati 50 tu, na imezaliwa fupi.

Ukiona OptiPlex ya kasha refu kwa bei iliyo karibu, chukua hiyo. Nafasi ya ndani haijawahi kumuumiza mtu.

Kuna vitu vidogo pia. Nyingi ya mashine hizi hazina Wi-Fi, kwa hiyo utahitaji kidude cha USB au waya kutoka kwa ruta. Matundu ya skrini nyuma ni DisplayPort, si HDMI, na kama unategemea televisheni ya sebuleni, hakikisha kadi yako ina HDMI. Halafu skrini, kibodi na mausi ni gharama juu ya gharama. Skrini za ex-UK za inchi 22 au 24 zipo tele na ni nafuu, lakini zihesabu mapema, la sivyo elfu hamsini itaishia njiani.

Stima

Hapa laptopu inashinda bila ubishi. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na hata bila tukio kubwa namna hiyo, kila mtaa wa Nairobi unajua jioni ya stima kupotea na kurudi mara tatu. Mwenye laptopu anaendelea na kazi yake. Mwenye mezani anapoteza alichokuwa hajakihifadhi, na mwenye PS4 anapokewa na onyo kwamba mashine haikuzimwa vizuri, kisha anasubiri diski ikaguliwe.

UPS ndogo ya 650VA, kisanduku chenye betri ya akiba, inatibu sehemu ya tatizo. Haitakupa saa ya kucheza, itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, na inakata ile mishtuko ya umeme unaporudi kwa nguvu. Kwangu mimi UPS ni sehemu ya bei ya mezani, haiko kwenye hesabu ya mapambo.

Kuhusu tokeni, watu wana hofu kubwa kuliko hali yenyewe. Chukua saa nne za kucheza jioni. Mezani yenye 1650 inavuta kama wati 150, hiyo ni yuniti 0.6. PS4 Slim iko karibu na wati 85, yaani yuniti 0.34. Laptopu kwa kazi ya kawaida ni wati 30 au chini, yuniti 0.12. Ukikadiria yuniti moja kwa shilingi 30, ni shilingi 18, 10 na 4. Tofauti ipo, lakini haifiki nauli ya matatu ya kwenda mjini.

Faiba, bando na umbali wa London

Gemu za leo ni kubwa mno. Red Dead Redemption 2 inataka 150GB kwenye diski ya kompyuta. Kwa faiba ya Mbps 15, 100GB peke yake ni karibu saa 15 za kupakua mfululizo, kama hakuna mtu mwingine nyumbani anayetazama chochote. Kwa anayeishi kwa bando za simu, hesabu hii inaua mezani na laptopu kama mashine za gemu mpya, na inaipa PS4 nguvu yake kubwa: CD. Unainunua, unaicheza, unairudisha dukani au unabadilishana na rafiki. Gemu ya Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, haikopesheki hivyo wala haiuziki. Mtu wa mezani anafidiwa kwa njia nyingine. Epic, mshindani wa Steam, imekuwa ikigawa gemu bure tangu ilipofungua duka lake Desemba 2018, na mwenye subira ya kuzikusanya anaweza kuwa na maktaba nzima bila kutoa senti. Tena kucheza mtandaoni kwenye kompyuta hakulipiwi ada ya mwezi, ilhali PlayStation inadai usajili wa kulipia wa PS Plus kwa gemu nyingi za kulipia.

Kuna jambo jingine linaloniudhi kuhusu PlayStation. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, mtandao wa PlayStation wa akaunti na ununuzi. Afrika, ni Afrika Kusini iliyomo. Mkenya anafungua akaunti kana kwamba anaishi Johannesburg au Marekani, ananunua kadi za zawadi za nchi hiyo, na anabaki kwenye huruma ya masharti ambayo hayakuandikwa kwa ajili yake. Sony inauza hapa kupitia maduka na wateja tuko tele. Tunastahili kuwa kwenye orodha.

Kwa wanaoota mashindano ya mtandaoni, fizikia ina neno. Mwanga ndani ya waya wa kioo unasafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi London ni kilomita 6,800 hivi kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 68, na nyaya hazinyooki, zinazunguka baharini. Hadi Johannesburg kiwango cha chini ni kama 29. Hakuna kifaa kati ya hivi vitatu kitakachobadilisha hilo, wala kifurushi cha faiba cha bei mbaya. Ukitaka kujibizana na mtu bila kuchelewa, mwite nyumbani.

Na hapo ndipo PS4 inapong'aa. Padi mbili, kochi moja, mpira. EA Sports FC 26 bado imetolewa kwa PS4, kwa hiyo kwa shabiki wa mpira haijazeeka. Michezo ya kupigana pia ina mizizi hapa: Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alitoka kucheza Tekken Kenya hadi kusajiliwa na timu ya Marekani ya UYU. Ukitaka kifaa cha sebule ambacho mtoto wa shangazi yako atakiwasha bila kukuuliza swali, usinisikilize mimi, nunua PS4. Ila usiinunue kwa kutazamia yajayo. GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu, na gemu kubwa nyingine nyingi zimeshaiacha PS4 nyuma.

Kifaa kinachokubali kufunguliwa

Sababu yangu kubwa ya kuchagua kompyuta badala ya konsoli iko hapa, na inanigusa kuliko hesabu za wati.

PS3 iliwahi kuwa chombo cha sayansi. Kuanzia 2007, mwenye PS3 aliweza kuiacha usiku ikipiga hesabu za Folding@home, mradi unaochunguza jinsi protini zinavyojikunja na jinsi zinavyokosea zikaleta magonjwa. Mwaka 2010 jeshi la anga la Marekani liliunganisha PS3 zipatazo 1,760 zikawa kompyuta kubwa moja. Lakini Aprili mwaka huohuo Sony ilitoa sasisho lililoondoa uwezo wa kuweka Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, kwenye PS3, na 2012 Folding@home nayo ikafika mwisho kwenye mashine hiyo. Chuma kilikuwa kilekile, ndani ya nyumba za watu waliokilipia. Kilichobadilika ni ruhusa. PS4 haikuwahi kuwa na ruhusa hiyo kabisa.

Kadi ya grafiki kwenye kompyuta yako haina mlinzi mlangoni. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton walifundisha mtandao wa AlexNet kutambua picha kwa kutumia kadi mbili za gemu, GTX 580 za 3GB kila moja. Huo ndio mlango ambao akili unde ya leo ilipitia. Hinton alipata Nobeli ya fizikia 2024. Mwaka huohuo Nobeli ya kemia ilimwendea, pamoja na John Jumper na David Baker, Demis Hassabis, mtu aliyeanza maisha ya kazi akitengeneza gemu ya Theme Park ya 1994 kabla ya kuanzisha kampuni ya akili unde ya DeepMind. Gemu na sayansi ni majirani wa ukuta mmoja. Kijana wa Umoja au Rongai mwenye GTX 1650 ana kadi yenye kumbukumbu kubwa kuliko GTX 580 moja ya akina Krizhevsky. Naliona jambo hilo kuwa kubwa, na ningependa vijana wengi zaidi walijue kabla ya kutoa pesa.

Si lazima uanze na mambo mazito. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya nne, yenye vyanzo 339 vya eksirei, inapatikana bure kwenye hifadhi ya data ya NASA. Ipakue, andika mistari michache ya Python (lugha ya kusimba), uchore ramani ya anga yote jinsi setilaiti iliyoondoka pwani ya Kenya ilivyoiona. Kazi hiyo haihitaji hata kadi ya grafiki. Laptopu ya kizazi cha nane inaimaliza kwa kufumba na kufumbua. PS4 haiwezi kuigusa.

Kutengeneza gemu ni vivyo hivyo. Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni bure, msimbo wake uko wazi tangu 2014, na inafanya kazi kwenye mashine ya kawaida. Unity, mshindani wake wa kibiashara, ilitangaza Septemba 2023 kwamba itawatoza watengenezaji kwa kila gemu inayosakinishwa, ikaja kuifuta ada hiyo mwaka mmoja baadaye baada ya ghasia. Anayeanza leo Nairobi, bila mwanasheria wala mtaji, ajenge kwa Godot, akae mbali na masharti yanayoweza kugeuzwa usiku. Akihitaji Blender kwa picha za 3D, hapo kadi ya grafiki inamwokolea saa nzima za kusubiri.

Dukani

Kwa laptopu, usiridhike na jina lililobandikwa nje. EliteBook 840 G5 inajulikana kama mashine ya kizazi cha nane, na nyingi ndivyo zilivyo, lakini HP ilitoa pia zenye prosesa za kizazi cha saba, i5-7200U na i5-7300U. Sura ni moja. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii ni eighth gen, usiwe na wasiwasi." Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, usome namba ya prosesa mwenyewe. Namba baada ya i5 lazima ianze na 8.

Kisha betri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na ufungue faili itakayotengenezwa. Kuna mistari miwili ya kulinganisha: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilio nao sasa ikijaa. Ikiwa wa pili ni chini ya nusu ya wa kwanza, omba ibadilishwe au bei ishuke. Hapa ThinkPad T480 inanivutia kuliko wenzake: ina betri mbili, moja ya ndani na moja unayoichomoa nyuma kwa kidole, na nafasi mbili za RAM. Kaa macho na ndugu yake mwembamba T480s, ambaye sehemu ya RAM yake imegandishwa kwenye madabodi.

Zima, uwashe tena ukiingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka. Ikidai nenosiri usilolijua, rudisha mashine kwenye kaunta. Kufuli la kampuni ya zamani halijawahi kuwa tatizo dogo.

Kwa kadi ya grafiki iliyotumika, nenda na GPU-Z, programu inayosoma utambulisho wa kadi, kwenye flashi. Kuna kadi za zamani sana zilizobadilishwa programu zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na GPU-Z inazitambua nyingi na kuandika wazi kwamba ni bandia. Icheze gemu yoyote dakika kumi hapohapo, usikilize feni.

PS4: jaribu kuingiza na kutoa CD mara kadhaa, sukuma vijiti vya padi uone kama mchezaji anatembea mwenyewe, na sikiliza kelele ya feni baada ya robo saa. Basi.

Nani achukue nini

Mwanafunzi wa chuo anayeishi hosteli, anayepanda matatu kila siku na kuandika kazi zake maktabani, achukue laptopu ya kizazi cha nane yenye 16GB, na gemu zake ziwe zile nyepesi na za zamani. Huyu ndiye ninayemkataza mezani kwa nguvu zote; mashine isiyobebeka itamfungia masomo chumbani.

Familia inayotaka burudani ya pamoja, au mtu anayecheza mpira na marafiki wikendi na ana kompyuta ya kazi tayari, PS4.

Aliye na chumba chake, meza yake na faiba, anayetaka kucheza, kusimba, kuchora na kuchungulia sayansi kwa kifaa kimoja, achukue mezani ya i5-8500, 16GB, SSD na GTX 1650 fupi. Pesa zikipungua, aanze na mashine bila kadi. Grafiki yake ya ndani itamvusha miezi ya kujifunza Godot na Python, kisha kadi itafuata. Njia hiyo ya kupanda hatua kwa hatua haipo kwenye PS4, na kwenye laptopu ipo kwa RAM na SSD tu.

Aliyebanwa zaidi anaweza kuchukua ya kizazi cha sita au saba kwa bei ya chini na kuweka Linux Mint. Tangu Valve, wenye Steam, walipoleta Proton, programu ya kuendeshea gemu za Windows kwenye Linux, mwaka 2018, gemu nyingi za Steam zinacheza kwenye Linux bila shida. Zisizocheza ni hasa baadhi ya zile zenye programu za kuzuia udanganyifu, kama Fortnite, Valorant na EA FC za karibuni. Kama moja ya hizo tatu ndiyo sababu ya wewe kununua, ongeza pesa ufike kizazi cha nane na Windows 11. Kama sivyo, Mint itakuhudumia vizuri, na tofauti ya bei itoshe UPS kabla ya kununua padi.